MWOKOAJI NAYE HUUMIA

Katika somo la leo tutazungumza juu ya watu wanaotangulia kufika kwenye ajali. Ukiulizwa ni akina nani, utasema ni askari wa zimamoto, polisi, wauguzi na madereva wa magari ya wagonjwa. Jibu lako ni sahihi. Lakini huku kwetu vijijini, mara nyingi anayetangulia si mmoja wa hao. Ni mvuvi mwenye ngalawa. Ni mkulima aliyekuwa akipalilia kando ya barabara. Ni mama muuza machungwa wa Muheza, ambaye ameliona basi likipinduka mbele ya macho yake. Hao hawakusomea kazi hiyo, wala hawana mshahara wake. Lakini ndio wanaowatoa watu.

Swali letu leo ni hili: baada ya majeruhi kupelekwa hospitali na maiti kuzikwa, huyu aliyewatoa anabaki na nini?

Soma pole pole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa somo. Mkiweza, someni katika kikundi.

1. Mzee aliyeacha kuja darasani

Nitaanza na jambo lililotokea katika darasa langu la kisomo, hapa Mabawa, Tanga. Jina la mhusika sitalitaja. Amenipa ruhusa kusimulia, lakini jina lake ni mali yake.

Alikuwa mzee wa makamo, utingo wa lori. Katika darasa lile hakuna aliyekuwa na bidii kama yeye. Alianza hajui hata kushika kalamu, na kwa miezi michache akawa anasoma vibao vyote vya njiani. Akirudi safari alinitajia: "Mwalimu, leo nimesoma Hale, nimesoma Korogwe, nimesoma Mombo." Darasa zima tukifurahi.

Kisha akaanza kukosa vipindi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku aliyorudi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamtania mbele za watu: "Mzee, siku hizi umekuwa mtoro kama watoto wa shule!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua daftari lake, akatoka.

Kesho yake mke wake akaja. Akaniuliza, "Mwalimu, jana umemwambia nini baba watoto?" Nikamweleza. Akakaa kimya, halafu akasema: "Mume wangu halali. Usiku anapiga kelele. Nyama hali tena, hata harufu yake hataki. Watoto wakiangusha sufuria, anaruka kama aliyepigwa. Na lori amekataa kupanda."

Ndipo nikajua habari yenyewe. Lori lao lilikuta basi limepinduka njia ya Segera. Wakasimama. Yule mzee akaingia ndani ya basi mara nne, akatoa watu. Mara ya mwisho alimkuta msichana amebanwa na viti, hakuweza kumtoa. Akamshika mkono mpaka alipokata roho. Jioni lori likaendelea na safari, maana mzigo ulikuwa unangojewa. Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumsemesha, nami nikamwita mtoro.

Baada ya siku ile nikaanza kutafuta na kusoma habari za jambo hili. Niliyoyasoma ndiyo nitakayokueleza.

2. Mwilini kunatokea nini?

Mtu akikutana na hatari, mwili wake hujiandaa haraka. Juu ya figo zetu kuna vifuko vidogo vinavyotoa dawa ya mwili iitwayo adrenalini. Dawa hiyo ikiingia katika damu, moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, damu hukimbilia katika misuli. Ndiyo sababu mtu wa kawaida, siku ya ajali, anaweza kunyanyua kitu ambacho siku nyingine hawezi. Hii ni kinga tuliyopewa, wala si ugonjwa.

Hatari ikipita, mwili unatakiwa kutulia. Kwa watu wengi hutulia. Siku chache au wiki chache mtu huota ndoto mbaya, hukosa hamu ya chakula, kisha polepole hurudi katika hali yake. Huo pia si ugonjwa. Ni kama kidonda kinachopona chenyewe.

Lakini kwa wengine mwili hautulii. Hatari imekwisha, ila moyo unaendelea kuambiwa kwamba ipo. Wataalamu huita hali hii ugonjwa wa kiwewe. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika rasmi katika kitabu chao cha magonjwa. Dalili zake ni hizi:

(a) Mambo aliyoyaona yanamrudia, katika ndoto au akiwa macho.
(b) Anakwepa mahali, watu, au hata chakula kinachomkumbusha.
(c) Anashtuka kwa jambo dogo, hana usingizi, ana hasira za ghafla.
(d) Moyo wake umekufa ganzi. Hafurahii alivyokuwa akivifurahia, anajilaumu, anajitenga.

Dalili hizi zikipita mwezi mmoja, na zikimzuia mtu kufanya kazi au kuishi vizuri na watu wake, basi anahitaji msaada wa hospitali.

Sasa mtazame tena mzee wetu. Nyama, sufuria, lori, kelele za usiku. Yote yalikuwa hapo. Sisi tulikuwa hatujui kuyasoma.

3. Tuliyoyaona katika nchi yetu

Sisi watu wa pwani tunaikumbuka vizuri tarehe 10 Septemba, 2011. Usiku ule meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, Unguja, ikiwa njiani kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Maiti zilizopatikana zilikuwa kama 200, na mamia wengine hawakuonekana tena. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuokoa. Maiti zilipelekwa viwanja vya Maisara, mjini Unguja, ili jamaa wawatambue watu wao. Fikiri juu ya mvuvi aliyekwenda kutafuta watu kwa mashua ile ile anayovulia samaki. Wiki iliyofuata alitakiwa kurudi katika maji yale yale, maana watoto wanataka kula.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Watu 24 walipona na 19 walikufa. Wavuvi walikuwa kati ya waliofika mwanzo kabisa. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia na kuzirai alipokuwa akijaribu kuwafikia marubani. Serikali ilimtunza shilingi milioni 1, na ikaagizwa apewe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hilo ni jambo jema. Lakini tukumbuke kwamba mashujaa wengi hawapigwi picha. Hurudi nyumbani usiku, nguo zimelowa, wakajilalia.

4. Wataalamu wamejifunza nini?

Tuanze na jirani zetu. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam kwa siku moja. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na maelfu wakajeruhiwa. Katika saa za mwanzo, wapita njia walifukua kifusi kwa mikono yao.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Kenya, Frank Njenga, na wenzake waliwapa watu fomu ya maswali, mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mlipuko. Wakenya 2,883 walijibu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kati ya kila watu 100 waliojibu, watu 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe.

Walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi walikuwa akina nani? Ni waliouona mlipuko wenyewe, waliojeruhiwa, waliofiwa, na waliopata shida ya fedha baada ya hapo. Na tena wapo hawa: wale ambao hawakumweleza rafiki yao yaliyowapata.

Hapo tuwe waangalifu. Utafiti huo hausemi kwamba ukimya peke yake ndio ulioleta ugonjwa. Huenda anayeumwa sana ndiye anayejitenga na kunyamaza. Lakini kwa vyovyote, ukimya ni alama. Ukimwona mtu aliyekuwa msemaji sasa amenyamaza, usipite tu.

Sasa twende mbali kidogo. Huko Marekani yuko mwalimu wa chuo kikuu, Profesa Sarah Tracy. Si daktari wa hospitali. Elimu yake ni ya mawasiliano, yaani jinsi watu wanavyosema na kusikilizana. Huenda ukauliza, "Mtu wa maneno anatafuta nini kwa zimamoto?" Nami niliuliza hivyo hivyo.

Alisoma shahada yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Colorado, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Utafiti wake hakuufanya kwa kukaa ofisini. Aliwaendea watu kazini kwao, akawatazama, akawasikiliza, akaandika. Alipata hata kufanya kazi ndani ya meli ya watalii, na mwaka 2000 akaandika juu ya wafanyakazi wanaotakiwa kutabasamu muda wote hata kama moyoni wanaumia.

Mwaka 1998, pamoja na Karen Tracy, aliandika juu ya wapokeaji wa simu za hatari. Kule Marekani namba ya hatari ni 911, nayo ilianza kutumika mwaka 1968. Mpokea simu anasikia mtu akilia, nyumba inaungua au mtoto hapumui. Yeye anatakiwa sauti yake isitetemeke. Anauliza: uko wapi, kuna nini? Kisha simu inakatika na nyingine inaingia. Mara nyingi hajui kama yule mtoto alipona. Kwa hiyo kuizuia huruma na hofu visionekane ni kazi, tena kazi nzito kama kubeba gunia. Tofauti ni kwamba gunia watu huliona.

Mwaka 2006 alitoa utafiti mwingine pamoja na Karen Myers na Clifton Scott, juu ya zimamoto, askari magereza na wapokea simu. Waliona kwamba watu hawa hutaniana sana, hata juu ya mambo ya kutisha. Mtu wa nje akisikia atasema hawana utu. Kumbe kwa utani ule wanapata nafuu, na wanajaribu kuyaelewa mambo waliyoyaona.

Ndugu msomaji, hilo kwetu si geni. Msibani watani huja. Wanaleta vituko mpaka mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka. Wazee wetu walijua kwamba moyo uliobanwa unahitaji mahali pa kupumulia. Lakini mtani wa msibani anajua mipaka yake. Mimi darasani sikuijua. Yule mzee nilimtania kabla ya kumwuliza hali.

5. Je, mtu alazimishwe kusema?

Baada ya kusoma haya, unaweza kukimbilia kumwambia mtu, "Sema! Sema yote!" Subiri kwanza.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Jeffrey Mitchell, ambaye mwenyewe alipata kuwa zimamoto, aliandika juu ya utaratibu wa kuwakusanya waokoaji baada ya tukio, kila mmoja aeleze alichokiona. Utaratibu huo ulienea nchi nyingi. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa wa kiwewe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kikao hicho kisitumike kwa watu waliotoka katika tukio hivi karibuni.

Maana yake nini? Mlango uwe wazi, lakini mtu asisukumwe kuingia. Ni kama kidonda. Hukifukui kila saa ili uone kimepona au la.

6. Basi tufanye nini?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha huduma ya kwanza ya moyo. Yaliyomo yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye utu. Mambo makubwa ni matatu: angalia, sikiliza, unganisha.

Angalia. Je, mahali ni salama? Nani ameduwaa, anatetemeka, hajui aliko? Mwondoe karibu na maiti. Mpe maji, mfunike khanga au blanketi. Watoto wasiachwe kutazama.

Sikiliza. Kaa naye. Sema, "Pole ndugu yangu. Nipo hapa." Akisema, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye. Usiseme, "Jikaze, wewe mwanamume." Usiseme, "Hayo madogo, mimi nimeona makubwa." Usimwulize habari za maiti kwa kutaka kujua tu.

Unganisha. Mfikishe kwa watu wake. Mwelekeze kwenye zahanati. Kama ana shida ya chakula au nauli, watu wachange. Kumbuka yale ya Nairobi: shida ya fedha nayo ilikwenda pamoja na hali mbaya.

Na kijiji kifanye nini?

Kabla ya ajali: kila mtu ajue namba za hatari. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Ziandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji na dukani.

Wakati wa ajali: watu wapokezane. Aliyebeba maiti mbili apumzike, mwingine ashike. Waokoaji wapewe maji na chakula.

Baada ya ajali: mwenyekiti wa kijiji awataje na kuwashukuru mbele ya watu. Katika wiki zinazofuata, mtu mmoja apite nyumbani kwao kuwajulia hali. Mke, mume na wazazi waelezwe dalili.

Na wewe mwenyewe uliyeokoa: lala, kula, rudi kwenye kazi zako pole pole, kaa na watu unaowapenda. Usijitibu kwa mnazi, gongo au bangi. Pombe huleta usingizi wa saa chache, kisha ndoto zinarudi na deni juu yake.

Wengine watasema, "Huyu ameingiliwa na shetani, amefuatwa na wafu." Simkatazi mtu kusomewa dua au kuombewa. Dua huleta faraja, na jamaa wakikusanyika mgonjwa hujiona hayuko peke yake. Lakini na hospitali aende. Ugonjwa huu una tiba. Kuna tiba ya mazungumzo na mtaalamu, na wengine hupewa dawa. Na kama mtu anasema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulidhani maradhi ni homa na vidonda tu.

7. Mzee amerudi

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee jioni moja. Nikapiga hodi. "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," lakini bila kunitazama. Nikamwambia, "Nimekuja kuomba radhi. Nilisema bila kujua." Hakujibu. Tukakaa barazani mpaka magharibi, hatukuongea zaidi ya habari za mvua. Nilipoinuka akasema, "Njoo na kesho."

Nilikwenda siku nyingi. Siku ya tano au ya sita alinipa daftari lake. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, mistari mitatu tu: NILIMSHIKA MKONO. ALIULIZA MAMA YUKO WAPI. SIKUMWAMBIA.

Nilisoma mara mbili. Sikuwa na la kusema, nikamshika mkono. Wiki ile yeye na mkewe walikwenda zahanati, na huko wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa. Alihudhuria miezi kadhaa. Bado hapandi lori, sasa ni mlinzi wa ghala. Nyama bado hali. Lakini usiku analala, na darasani amerudi kiti chake cha mbele.

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 katika nchi yetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma somo la Mtu ni Afya. Walikuwa wakimaliza somo hukubaliana, kisha huchimba vyoo na kusafisha visima. Nasi tusiishie kusoma. Tukubaliane la kufanya.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, ajali ya mwisho waliotoa watu walikuwa nani? Je, kuna aliyewajulia hali?
2. Taja dalili nne za ugonjwa wa kiwewe. Zikipita muda gani mtu aende hospitali?
3. Kwa nini si vizuri kumlazimisha mtu aeleze yote aliyoyaona?
4. Watani wana faida gani msibani? Ni wakati gani utani unaumiza?
5. Kikundi chenu kitafanya nini mwezi huu? Andikeni jambo moja, na jina la atakayelisimamia.

Maneno mapya

Kiwewe: mshtuko mkubwa wa moyo na akili.
Kifusi: mawe, udongo na vipande vya nyumba iliyobomoka.
Utafiti: kuchunguza jambo kwa utaratibu ili kupata ukweli.
Mawasiliano: namna watu wanavyopeana habari na kuelewana.
Kuduwaa: kushangaa mpaka kushindwa kusema au kutenda.
Kupokezana: kufanya kazi kwa zamu, huyu akichoka yule anashika.